Keki Iliyoliwa kwa Sombe

Nimeaibika mara nyingi katika maisha yangu, maana mimi si mtu wa kukaa pembeni na kufunga mdomo, lakini aibu ya keki ya mdogo wangu Kabugho ndiyo mama wa aibu zote, na mpaka leo nikipita sokoni Bwera wapo wazee wanaoulizana kwa sauti, "Huyu si ndiye Biira wa gato?" nami nawajibu kwa sauti kubwa kuliko yao, "Ndiye mwenyewe, mzee, shikamoo!" kwa sababu ukishaumbuka mbele ya ukoo wako na ukoo wa wakwe kwa siku moja, huna tena cha kuficha. Basi heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa dada yangu Masika, ambaye huongeza chumvi (na kisa chenyewe hakihitaji kuongezwa kitu).

Kwanza mnijue. Mimi tangu mtoto nilikuwa na ugonjwa wa kujaribu vitu. Wenzangu walipokuwa wakicheza, mimi nilikuwa nyuma ya jiko nachanganya majivu na majani ya maharage nione kama yatatoa wino, na kweli yalitoa, wino wa kijani, tatizo lake ukikauka unanuka mpaka mwalimu anafungua madirisha. Mara moja nilisikia kwamba Wazungu wanatotoa vifaranga bila kuku. Nikasema, kuku ana nini ambacho mimi sina? Joto tu. Wakati huo, miaka ya sitini, baba alikuwa analima pamba, na magunia yake yalikuwa yamejaa ukumbini yakingoja lori la kiwandani, basi nikachukua mayai ya mama, nikayazika ndani ya gunia moja la pamba, nikaweka mawe ya moto kando yake, nikaenda shule na furaha yangu. Niliporudi mayai yalikuwa yamepasuka, pamba imekuwa ya njano, na baba amekaa mlangoni ananingojea. Sitaeleza yaliyofuata. Lakini hata nilipokuwa nalia, ndani ya moyo nilikuwa najiambia mawe yalikuwa ya moto mno, kesho nitajaribu ya vuguvugu.

Basi nikakua hivyo hivyo, sikubadilika. Ikafika miaka ya sabini, wakati wa serikali ya wanajeshi, na Kabugho akapata mchumba. Kijana mwenyewe anaitwa Kakule, mtu wa Butembo upande wa Kongo, Mkatoliki kama sisi, ambaye wazazi wake walikimbilia kwetu wakati wa vita vya kule, halafu amani iliporudi wakarudi kwao, yeye akabaki Mpondwe mpakani anauza vitenge. Kijana mpole, hana neno. Aliyekuwa na neno ni mama yake, Mama Katungu. Huyo alikuwa mfanyabiashara mkubwa, mwili mkubwa, sauti kubwa, kitenge kipya kila ukimwona, na ingawa Kikonzo chetu na Kinande chao ni ndugu na tungeelewana bila shida, yeye mbele ya watu alisema Kiswahili cha kule kwao, ionekane kwamba ametembea.

Siku walipoleta mbuzi wa mahari, mambo yalikwenda vizuri, mbuzi walikuwa wanene, wazee wakakubaliana bila kelele. Halafu Mama Katungu akaweka kikombe chini, akatutazama mmoja mmoja, akauliza:

"Na arusi, sasa. Kwetu Butembo mutu akioa, batu banakata gato. Kwenu huku, gato iko?"

Gato ndiyo keki kwa Kifaransa chao. Baba akaangalia vidole vyake vya miguu. Mama akajifanya kuita mtoto nje ambaye hakuwepo. Nikamwangalia Kabugho, nikaona anafinya ukili wa mkeka mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na nikaelewa anawaza nini, kwa sababu nami niliwaza hicho hicho: huyu mwanamke ametuona watu walioshuka juzi tu kutoka milima ya Mahango, hatuna keki wala hatuijui, na mdogo wangu atakuwa mkwe wake na atakumbushwa hayo maisha yake yote. Moyo ukaniuma. Na mdomo wangu, ambao siku zote hutangulia, ukatangulia.

"Iko, mama," nikasema. "Kubwa. Nitapika mimi mwenyewe."

Sasa hapo mnapaswa kujua kwamba keki niliyokuwa nimewahi kupika ni moja, jikoni kwa masista, na kazi yangu ilikuwa kushika bakuli wakati sista anakoroga. Lakini nilikuwa nimeangalia! Na mimi kitu nikikiangalia mara moja nasema nimekijua.

Nikapanda basi kwenda Kasese kutafuta unga wa ngano. Enzi zile sijui niwaelezeje vijana, maduka yalikuwa wazi lakini hayana kitu, unaingia dukani unakuta mwenye duka, kalenda ya zamani na viberiti. Niliuliza ngano katika kila mlango, wakanicheka. Mmoja akaniambia, "Ngano? Dada, ukiipata rudi unionyeshe." Wakati wa kurudi basi liliharibika pale njia panda ya Kikorongo, tukakaa juani tukila mahindi ya kuchoma, na ni hapo hapo, nikitafuna, ndipo akili yangu ya mayai na pamba ilipoamka ikaniambia: Biira, unga ni unga. Kwenu mna muhogo ghala zima.

Na msicheke bado, kwa sababu nilijaribu kwanza. Nilitwanga muhogo mkavu, nikachekecha na kuchekecha tena mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto, nikatia yai, maziwa baridi, sukari kidogo, na magadi ya Katwe kidogo ya kuinua, nikaoka ndani ya kopo la siagi juu ya mchanga, makaa chini makaa juu. Ikatoka nzuri! Ya kahawia, inavunjika yenyewe, ina harufu ya arusi. Dada yangu Masika, ambaye hajawahi kunisifu tangu nizaliwe, alikula akalamba kidole akasema, "Mm." Kwa Masika hiyo ni hotuba. Nikaanza kutembea kijijini kifua mbele. Nikamwambia Kabugho alale usingizi. Nikamwambia kila mtu, hata waliokuwa hawajauliza, kwamba keki itakuwa ya ghorofa.

Sukari tuliipata kwa kubembeleza, ya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, kidogo sana, nikaificha ndani ya chungu chumbani kwa mama. Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyoharibika. Jana yake ya arusi, wakwe wakafika mapema kutoka Butembo, lori zima, wamelowa mvua, na mama yangu kwa heshima zake akawapikia chai, na chai ya wakwe huwezi kuipeleka bila sukari, na wakwe wenyewe ni watu wa kupenda chai. Asubuhi ya arusi nikafunua chungu, nikakuta kitambaa kitupu nilichofungia sukari.

Mtu mwingine angelia. Mimi nikasema, tamu si lazima iwe ya dukani. Tulikuwa na ndizi zilizoivishwa shimoni kwa ajili ya pombe, basi nikazikamua, nikachemsha maji yake mpaka yakawa mazito kama asali, matamu hasa, nami nikajisifu moyoni kwamba hata sista hakuwa na akili hii. Lakini kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, muda umekwenda, watu wanavaa, misa inangoja, na Kabugho kila mara anachungulia dirishani na shela kichwani kuuliza kama imekuwa tayari. Nikainua ile sufuria ya maji ya ndizi, bado inatokota.

Masika akasema, "Si uache ipoe kwanza?"

Nikamwambia, "Itapoa humo humo ndani."

Nikamimina.

Sasa nyinyi mlio mbali na kwetu pengine hamjaelewa, lakini mtu wa Bwera akifika hapa huwa tayari ameshika kichwa. Sisi chakula chetu ni bundu, yaani ugali wa muhogo, na bundu hupikwaje? Unga wa muhogo, maji ya moto, mwiko. Basi. Hakuna siri nyingine. Mimi niliyesonga bundu tangu mwiko ukiwa mrefu kunishinda, mimi niliyesongea vilio na arusi za kijiji kizima, nilisimama pale nikiwa na akili zangu timamu, nikamwaga kitu cha moto juu ya unga wa muhogo, nikakoroga, ukakaza, nikaongeza nguvu, ukavuta, na bado nikajiambia, "Hii ni keki, imekuwa nzito kwa sababu ni kubwa." Masika alinitazama tu. Yeye anasema alisema kitu. Hakusema kitu.

Nikaoka katika sufuria tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kwa nje zikatoka nyekundu nzuri sana. Nikazipanga ghorofa. Halafu kwa kuwa sukari ya kupambia haikuwepo, nikapika wanga wa muhogo na maziwa, ule tunaotia kola za mashati, nikaupaka wote, ukang'aa mweupe kama shela yenyewe. Nikachomeka maua ya waridi ya kwa padri. Jamani, kitu kile kilikuwa kizuri. Tulipoibeba kuipeleka bandani, ngoma zikabadilika zenyewe, wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Katungu akainuka kidogo kwenye kiti chake aione vizuri, akakaa tena. Nikasema moyoni, umeiona.

Bandani tulikuwa na mgeni ambaye hatukumwalika. Afande wa pale mpakani alikuwa amekuja na askari wake wawili, akaketi kiti cha baba, na hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu nyakati zile ukimwambia afande kitu unakwenda kumalizia maneno yako kambini. Watu walikula wakimchungulia. Yeye ndiye alikuwa anaamua hata ngoma ianze lini na inyamaze lini. Bwana arusi na bibi arusi waliposimama kushika kisu, mshereheshaji akaanza maneno yake matamu ya kuhesabu, afande akamkatiza.

"Kata!"

Wakakata. Kisu kikaingia vizuri, mpaka mpini. Watu wakapiga makofi. Halafu Kakule akavuta kisu kitoke, kisitoke. Akavuta tena. Akacheka kidogo, kicheko cha aibu, akashika kwa mikono miwili akavuta juu kwa nguvu, na ile ghorofa ndogo ikainuka yote, ikaning'inia kwenye kisu, na ile ya kati ikaanza kuifuata, ikivutika, ikivutika, wanga mweupe unapasuka, waridi ya padri yanadondoka moja moja, na hakuna kilichokatika.

Makofi yakaisha. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, nikaishika ile nguzo.

Kama ingekuwa siku nyingine watu wangecheka, tungeumbuka, tungekwenda kulala. Lakini afande alisimama. Wakati ule kahawa ilikuwa inavushwa kwa magendo mto Lubiriha wa mpakani ndani ya kila kitu, ndani ya magodoro, ndani ya mabuyu, na kazi yake ilikuwa kuitafuta.

"Nini hii? Iko nini ndani?"

Kakule bado ameshika kisu juu na keki inaning'inia. Afande akachukua singe kwa askari wake, akaipiga keki kubwa ya chini, pu! Singe ikaingia. Akavuta. Singe ikakataa. Akavuta tena na meza nzima ikamfuata hatua moja. Na hapo ndipo niliona kitu cha kutisha kuliko vyote, watu zaidi ya kijiji kizima wameuma midomo, machozi yanawatoka, na hakuna hata mmoja anayethubutu kucheka.

"Nani napika hii kitu?"

Nilijitokeza. Ningefanya nini? Kabugho alikuwa anajifuta machozi kwa shela, na rangi ya mdomo imeshuka kidevuni, na ile ndiyo sura niliyokuwa nimeahidi haitaonekana siku hiyo.

"Mimi, afande."

"Kuja hapa. Kula. Mbele yangu."

Nikamega. Nikatia mdomoni. Nikatafuna, nikatafuna, macho yote kwangu, na sikuweza kumeza wala kutema, na afande anangoja nife au nisife, mpaka nikasikia kitenge kikichakarika nyuma yangu. Mama Katungu alikuwa amesimama.

Alikwenda polepole kwenye ndoo, akanawa mikono. Akaja mezani, akamega donge, akalifinyanga kwa vidole, akalibonyeza kwa dole gumba likafanya kishimo, kama kila mtu wa kwetu anavyofanya tangu utoto, akalionja. Nikasema, sasa basi, hapa ndipo mdogo wangu anapozikwa.

"Afande," akasema, "hapana piga hii na kisu. Hii banakata na mukono. Hii haiko gato. Hii iko bundu." Halafu akageuka kwa wanawake wa jikoni, akapaza ile sauti yake: "Na sombe yake iko wapi? Munatuletea bundu pasipo mboga? Leteni sombe! Leteni na samaki!"

Banda likapasuka. Watu walicheka wakaanguka kwenye mikeka, mshereheshaji alikaa chini kabisa, baba yangu, ambaye sijui kama nilikuwa nimewahi kuona meno yake yote, alicheka akikohoa. Hata mimi nilicheka na lile donge mdomoni, likapita. Sombe ikaletwa, majani ya muhogo yaliyopikwa na mawese, na samaki wa ziwani, watu wakanawa, wakaizunguka keki wakamega, na mniamini, bundu tamu na sombe si mbaya hata kidogo. Afande alionja akiwa amekunja uso, akaonja tena, uso ukakunjuka, na alipoondoka aliamuru ile ghorofa ya chini ipakiwe kwenye gari lake, singe ikiwa bado imo ndani.

Na Mama Katungu alimmegea Kabugho donge, akalichovya, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe. Nilitegemea baada ya hapo atanitafuta anipe karipio langu, basi nikajificha jikoni nikijifanya naosha masufuria. Akanifuata huko huko. Akakaa juu ya kinu, akavua viatu, akasugua miguu yake.

"Biira," akasema, "siku ile ya mbuzi nilikuuliza gato. Weye ukasema iko, kubwa. Unajua usiku sikulala?"

Nikasema, "Nisamehe, mama."

"Ngoja. Mimi sijui kupika gato. Kwangu hatujakula gato hata siku moja, tunaonaka tu kwa batu ba mali. Nilisikia huku munasoma, munajua Kiingereza, nikaogopa mutoto wenu atakuja kwangu adharau chakula yangu. Nikauliza nikiomba Mungu museme hakuna."

Akainuka, akavaa viatu, akanipiga begani, akarudi kwenye ngoma, na mimi nikabaki na sufuria mkononi. Aibu ya kisu sikuisikia tena. Nilisikia nyingine, kwamba siku ile mimi na yule mama tulikaa mkeka mmoja tukiogopana, kila mtu akimwogopea wake, na neno moja dogo, hakuna, lingetutosha wote wawili, nami nilikuwa nalo mdomoni nikalimeza.

Kabugho alipatana na mama mkwe yule vizuri sana, na wakigombana, ananiambia, mmoja wao akitaja gato tu ugomvi umekwisha. Mimi bado najaribu vitu, hilo halitaisha mpaka nizikwe, na karibuni nimetengeneza sabuni ya maparachichi ambayo ni nzuri ikiwa huna haraka ya kukauka. Lakini keki sipiki. Na niliapa pale pale jikoni, mikono ikiwa na masizi, na kiapo hiki nimekishika mpaka leo: mtu akija kwangu akaniuliza kama kitu fulani kipo, na hakipo, namwangalia usoni, namwambia hakuna, halafu namkaribisha akae tule kilichopo.